Nani Anaila Betri ya Mama

Jumatatu, 3 mwezi wa sita

Daftari hili lilikuwa la Fizikia. Nimechana kurasa mbili za mwanzo, zilizobaki ni zangu. Shuleni kila kitu tunaandika kwa lugha ya pili, hata barua ya kuomba ruhusa ya kwenda kung'oa jino, nami naiweza, alama zangu zinasema. Ila nikikasirika lugha ile hunikimbia, nabaki na hii ya nyumbani. Leo nimekasirika.

Pikipiki ya mama imegoma. Si mara ya kwanza tangu baridi ianze, lakini leo imegoma mbele ya Mkuu wa zahanati. Alipita na gari lake saa moja kasoro akamkuta mama anasukuma, mimi nyuma yake, na mdogo wangu nyuma yangu akitoa maelekezo. Mdogo wangu tunamwita Redio kwa sababu hazimi.

Mama ni nesi. Kila siku anapanda kilimani kuwaona wanawake waliojifungua na vichanga vyao, nyumba sita, siku nyingine saba. Mwaka wa kumi na moja huu. Pikipiki ni ya zahanati, mama ndiye anayeilaza kwetu.

Mkuu akashusha kioo. "Nesi, kusukumana huku mpaka lini?"

"Mpaka iwake, Mkuu."

"Nakwambia kwa wema. Kilima, baridi na umri wako havipatani. Yule nesi mpya ni kijana, ana nguvu. Dawati la kadi pale zahanati lina joto, lina kiti."

"Nani amekwambia nasikia baridi?" mama akamjibu, na meno yake yanagongana.

Akacheka, akapandisha kioo, akaenda. Mimi sikusema kitu. Mimi huwa sisemi kitu. Maneno yote niliyopaswa kumwambia nimeyapata saa nne, katikati ya kipindi cha Historia.

Jumanne, 4

Imewaka. Ukungu.

Alhamisi, 6

Imegoma kabisa. Ukibonyeza stata inasema "nye, nye", halafu "tk", halafu kimya. Kiki ya mguu ilivunjika mwaka juzi na haikurudishwa, kwa hiyo ni stata au mabega yetu.

Mama kaipeleka kwa Fundi Spana. Fundi akaiangalia betri kama mtu anayeangalia maiti asiyemfahamu, akasema baridi imeiua. Mama akaenda kumwomba Mkuu betri mpya. Mkuu akasaini ichukuliwe kwa Fundi, kisha akasema maneno ambayo mama ameyarudia jioni akimenya viazi, bila kunitazama: "Hii ni ya mwisho. Ikigoma na hii, tatizo si betri, ni wewe, na njia ya kilimani nampa kijana."

"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Nikamwambia asante kwa betri."

Redio akasema yeye angemjibu. Mama akasema anajua, ndiyo maana hakumchukua.

Jumapili, 9

Hakuna kitu. Nimefua soksi.

Jumatano, 12

Betri ina siku sita tu na leo imesema "nye". Imewaka mara ya tatu. Mama aliponiona namtazama akajidai anatafuta glavu.

Ameanza desturi mpya, anaisemesha. "Haya mwanangu, amka." Mimi hajaniamsha hivyo tangu nianze sekondari.

Ijumaa, 14

Nimefanya jambo. Kuna kipimo cha umeme shuleni, mita, kile cha kugusisha nyaya mbili kikakuonyesha volti. Nimesimama mlangoni pa maabara siku tatu mfululizo nikijifanya nasoma tangazo. Leo mtunza maabara akatoka, akasema, "Tangazo hilo ni la mwaka jana, mwanangu. Sema unachotaka au uingie ufagie."

Nikamwambia. Sauti ilitoka ndogo, akanirudisha nianze tena. Mwishowe akanipa mita kwenye kopo la maziwa ya unga, akaniandika kwenye kitabu chake, akanionya nisiguse kitu nisichokielewa.

"Betri nzima ikilala usiku mzima," akasema, "asubuhi ikupe kumi na mbili nukta sita, nukta saba. Ikifika kumi na mbili kamili ina njaa. Na ukibonyeza stata isishuke chini ya tisa na nusu."

Jumamosi, 15

Leo nitaandika yote, hata yanayonishusha.

Asubuhi, kabla mama hajaigusa: 12.0. Akabonyeza stata: 9.1. Iliwaka kwa taabu. Betri ya siku tisa. Damu ikanipanda. Nikajua Fundi Spana amemuuzia mama betri iliyotumika, ameifuta vumbi akaiita mpya. Mama alipotoka nikapiga moyo konde, nikaenda.

Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba. Pale kwake walikuwepo waendesha pikipiki wanne wamekaa juu ya matairi. Nikafungua mdomo, na hotuba nzima ikatoka kwa lugha ya shule, kwa sababu nilikuwa nimeitunga kutoka kwenye karatasi ya maelekezo ya mita. Voltage kadhaa, resistance kadhaa. Wakanitazama.

"Mkalimani wake yuko wapi?" mmoja akauliza, wakacheka mpaka tairi moja likabingirika.

Ningeweza kuondoka. Siku nyingine zote ningeondoka. Lakini nilimkumbuka Mkuu na kioo chake, nikasema tena, kwa Kiswahili, kila mtu akasikia: "Umempa mama yangu betri iliyotumika."

Vicheko vikakatika. Fundi akajifuta mikono taratibu, kidole kwa kidole.

"Marahaba," akasema. Sikuwa nimemwamkia.

Akaniambia nikailete. Mama alikuwa amerudi kuchukua dawa zahanati, nikamsimamisha getini pa zahanati, tukaja nayo wote. Mama hakujua nimesema nini na hakuna aliyemwambia, hilo nawashukuru wale wanne. Fundi akaigeuza betri, akanionyesha tarehe iliyogongwa kwenye plastiki: ina miezi mitatu tangu itoke kiwandani. Akanionyesha mistari miwili ya gundi isiyo na vumbi, ilipobanduliwa karatasi wiki iliyopita. Akaibana na kipimo chake cha kuikamua betri, chenye koili inayochemka, akahesabu mpaka kumi, mshale haukuanguka.

"Haijazeeka," akasema. "Ina njaa tu. Nailaza kwenye chaja hadi kesho." Akamwazima mama nyingine ya kumfikisha. Mama alipoenda akaniinamia: "Betri nzima haimalizwi na baridi peke yake. Kuna mtu anaila. Mtafute. Ukimpata uje uniombe radhi. Usije kabla."

Jumapili, 16

Sitaki kuandika kuhusu jana.

Jumatatu, 17

12.7. Imeamka kama imetukanwa. Ukungu.

Jumanne, 18

12.4. Ukungu.

Jumatano, 19

12.2. Ukungu.

Nimeamua kumtafuta mla betri kama mtu anayetafuta mwizi ndani ya nyumba, chumba kwa chumba. Kwanza nikasafisha vichwa vya betri, vilikuwa na unga mweupe kidogo. Maji ya moto, magadi, mswaki wa zamani wa Redio (amelalamika kwamba si wa zamani). Nikakaza, nikapaka grisi.

Kisha nikapima inavyochajiwa. Mama akawasha, akavuta mafuta, injini ikapanda, mita ikasema 14.1. Hapo ni pazima, umeme unarudi kwenye betri kama kawaida.

Kisha nikapima kama kuna waya unaonyonya pikipiki ikiwa imezimwa. Unafungua waya wa hasi, unaipitisha mita katikati. Ikasema sifuri nukta sifuri sifuri moja. Hata mbu hunywa zaidi. Nilikuwa nimeinama nasoma tarakimu Redio akaona kitufe cha stata kiko karibu na kidole chake.

Mita ikafa. Fyuzi yake imeungua. Redio amenyamaza dakika nne, nimepima kwa saa.

Alhamisi, 20

Nimemwambia mtunza maabara ukweli kabla hajafungua kopo. Akasema, "Fyuzi ipo. Kidole cha ndugu yako kikoje?" Nikasema kizima. Akasema bahati mbaya, akanipa fyuzi.

Asubuhi pikipiki ilikuwa imewaka kwa shida. Bila mita sijui ilikuwa ngapi.

Ijumaa, 21

12.0. Imewaka mara ya nne. Ila leo hakuna ukungu, mbingu nyeupe, na baridi yake inakata masikio. Ndoo ya nje ina ngozi ya barafu juu. Nimemwogopea mama kutwa nzima.

Jumamosi, 22

12.2.

Nimepima mara tatu. Imepanda. Jana ndiyo ilikuwa siku ya baridi kuliko zote na betri imeshiba badala ya kupungua. Kama muuaji ni baridi, jana angekuwa amemaliza kazi.

Basi baridi inasingiziwa. Lakini nani?

Jumatatu, 24

11.9. Ukungu tangu jana. Imewaka kwa sala.

Jumanne, 25

Imegoma.

Mama alisimama akaiangalia, mikono kiunoni. Nilimwona anahesabu: Mkuu, dawati la kadi, nyumba sita. Halafu akavua koti, akalifunga kiunoni. "Tunakwenda mpaka kwenye mteremko wa kisima," akasema. "Nani anakuja?" Kwetu hadi kule ni mbali na njia inapanda. Redio akaenda na viatu vya shule mkononi. Tulipoiachia mteremkoni ikakohoa, ikashika, mama akapotea kwenye ukungu bila kugeuka. Amefika kazini kwa wakati.

Haikusaidia. Mtu alituona. Mkuu yuko semina, lakini amepiga simu: anarudi, na Ijumaa tarehe tano atakuja nyumbani mwenyewe asubuhi na karatasi ya makabidhiano. Ikiwaka ataona. Isipowaka anaondoka na ufunguo. Mama ametuambia hayo akiwa amesimama, kisha akaenda kulala saa mbili.

Mimi nimesema kwa sauti, chumba kikiwa hakina mtu: hachukui ufunguo.

Jumamosi, 29

Fundi aliichaji tena Jumatano, akanitazama kama anayeidai ile radhi. Kufikia jana ilikuwa imeshuka tena. Leo hakuna shule, nikamwambia mama naenda naye kilimani. Akasema nitaganda. Nikasema nitagandia njiani. Akacheka, nadhani hakujua naweza kujibu.

Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mkono wangu niliuona kama wa mtu mwingine. Nyumba ya kwanza mama akaigeuza pikipiki, akaiegesha pua chini, imetazama mteremko. "Mteremko ndio stata yangu ya akiba," akasema. Akazima injini, akabeba mkoba wake, akaingia ndani. Nami nikabaki nimesimama.

Taa kubwa ilikuwa inawaka.

"Mama, umesahau taa."

"Sijasahau," akajibu kutoka ndani.

Nikaingia. Chumba kidogo, moshi, mama mzazi wa siku nne ameegemea ukuta, kichanga kwenye mizani ya kitambaa. Mama yangu alikuwa anamtania. "Huyu amenenepa, mnampa mawe?" Sijawahi kumsikia na sauti ile nyumbani. Haikupita dakika kumi mlango ukagongwa. Mwanamke amefunga mtoto mgongoni, nywele zote matone ya ukungu.

"Nimeona taa," akasema.

Baadaye mwingine, babu amembeba mjukuu ndani ya koti. "Tumeona taa, Nesi."

Nyumba ya pili hivyohivyo. Ya tatu, wanne. Wakati wa ukungu watu wa kilimani hawajui nesi yuko nyumba gani, na nyumba ziko mbalimbali. Wanatoka nje, wanatafuta mwanga wa njano, wanaufuata. Ukungu ukiwa haupo wanaiona pikipiki yenyewe, hakuna haja ya taa.

Nilikaa kwenye kigoda nikiwa na mita mapajani. Sikuwa na haja ya kupima, lakini nilipima. Nyumba ya sita stata ilisema "tk". Mama akaachia breki, tukaserereka na mteremko mpaka ikashika, kisha akashuka taratibu, gia kubwa, injini ikiguna chini kwa chini.

"Hivi ndivyo unavyoshuka siku zote?"

"Naihurumia. Imechoka."

Nikaiandika hiyo kiganjani kwa kalamu.

Hesabu, nimeifanya jioni nyuma ya karatasi ya jiografia: taa kubwa ni wati 35. Gawanya kwa volti 12, ni karibu ampea 3. Kila nyumba dakika ishirini, yaani theluthi ya saa, kwa hiyo kila nyumba inakula ampea-saa moja. Nyumba sita, sita. Betri nzima imeandikwa saba, na kwenye baridi haifiki hiyo saba. Na injini ikiguna chinichini kama anavyoshuka, kinachorudi ni kidogo.

Mla betri ni mama yangu.

Mkuu alisema tatizo ni yeye. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba mtu yule amesema kweli bila kujua chochote.

Jumapili, 30

Nilimpa karatasi. Sikuweza kusema kwa mdomo. Aliisoma mpaka chini, akairudia, akaikunja.

"Kwa hiyo tatizo ni mimi."

"Sikusema hivyo."

"Umeandika hivyo, kwa tarakimu." Akaweka karatasi chini ya kikombe. "Injini nilikuwa nazima. Taa tu. Nilijua inakula, sikujua inakula hivyo."

Nikamwambia basi itabidi aizime.

"Taa ile siizimi."

"Mama."

"Siizimi. Mwaka jana kabla sijaanza kuiacha ikiwaka, kuna mwanamke alipita hatua kumi na tano kutoka mlango niliokuwa ndani yake. Ana mtoto wa wiki mbili, joto kama jiko. Hakuiona pikipiki. Akashuka kwa miguu mpaka zahanati, akaambiwa nesi yuko kilimani, akapanda tena. Mtoto aliponea tundu la sindano. Alinieleza mwenyewe, bila lawama, ananishukuru." Akanitazama. "Anayetaka taa izimwe akamwambie yule, si mimi."

"Na Ijumaa?"

"Aje. Achukue ufunguo wake."

Hapo ndipo nilipopandisha sauti. Redio aliacha kutafuna. Nilimwambia mama, "Akiuchukua taa si itazimwa vilevile? Yule kijana ataiwasha? Anajua hata kwa nini? Unamwachia Mkuu kilima kizima kwa sababu ya balbu moja." Sijawahi kusema na mama hivyo, na nikiwa mkweli nilisubiri kofi.

Akaivuta ile karatasi kutoka chini ya kikombe.

"Unataka nini?" akauliza.

"Siku mbili. Na usiendeshe kama unaibembeleza. Ukishuka, tumia gia ndogo, injini ilie."

"Nani amekufundisha kuendesha pikipiki?"

"Hakuna. Nimesoma."

"Amesoma," akamwambia Redio. Lakini alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Jumatatu, 1 mwezi wa saba

Nilikwenda kwa Fundi Spana nikitoka shule. Wale wanne walikuwepo. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia. Nikasema mbele yao wote, bila hotuba: "Fundi, nilikukosea. Betri ilikuwa mpya. Anayeila ni mama, kwa taa." Nikamweleza ukungu, nyumba sita, hesabu.

Hakucheka mtu. Yule wa mkalimani akasema, "Dada yangu alijifungua kule juu. Aliifuata hiyo taa."

Fundi akakuna kichwa na spana. "Nami nina langu. Ile betri ya kwanza niliyosema imeuawa na baridi, sikuipima. Nilisema kwa mazoea. Nimeichaji, iko kwenye pikipiki ya huyu hapa tangu wiki iliyopita." Akamwonyesha mmoja wao kwa kidevu. Jamaa akasema inapiga kama ngoma.

Tukakaa chini. Nilipendekeza tochi, wakasema ukungu unaimeza. Nikapendekeza kandili, wakasema upepo. Fundi akaingia ndani, akatoka na kijitaa chembamba cha njano, kile ambacho madereva wa malori hufunga ubavuni. Wati tatu. Nikapiga hesabu kwenye kiganja. Nyumba zote sita kwa pamoja ni nusu ya ampea-saa tu. Zamani nyumba moja tu ilikula mara mbili ya hiyo.

"Lakini ni kidogo," nikasema. "Itaonekana?"

"Taa kubwa inamulika ardhi," akasema yule wa mkalimani. "Hii ipandishe juu. Ukungu wenyewe utawaka."

Jumanne, 2

Wamefunga fimbo ya chuma nyuma ya kiti, inakunjwa mama akiendesha na kusimama akiegesha. Juu yake taa. Swichi yake peke yake, fyuzi yake peke yake. Waya nimeukaza mimi. Fundi akaukagua, akaufungua, akasema, "Tena." Nikakaza tena.

Betri imelala kwenye chaja ya Fundi, tena ndani kwetu, siyo nje. Redio ameifunika na sweta lake.

Jumatano, 3

12.7 asubuhi. Ukungu. Mama karudi saa kumi.

"Wameiona?"

"Mmoja aliniuliza kama nimenunua nyota." Akavua glavu. "Watano walikuja nyumba ya pili. Kwa taa kubwa hawajawahi kuzidi wanne."

Alhamisi, 4

12.6. Ukungu mzito, kutwa. Sitapima tena leo. Nikipima usiku huu nitapima mpaka asubuhi.

Ijumaa, 5

Mbingu nyeupe, hakuna ukungu, na baridi ya mwaka. Barafu kwenye ndoo ilivunjika kwa ngumi ya Redio mara ya pili. 12.6.

Mkuu alifika saa moja kasoro robo. Koti refu, karatasi kwenye jalada, kalamu tayari. Yule nesi kijana alikuwa ndani ya gari, anatazama magoti yake. Mama alikuwa amekaa kwenye pikipiki, mkoba mgongoni, kofia ya chuma kichwani.

"Nesi. Sijaja kwa ubaya."

"Umeamkaje, Mkuu."

Mama akageuza ufunguo, akabonyeza. Ikawaka pigo la kwanza.

Mkuu akatingisha kichwa. "Imebahatisha. Jana mlikuwa mnaichaji. Nesi, tusidanganyane, kilimani utaizima mara ngapi?"

Mama akafungua mdomo. Nikawahi mimi.

"Sita," nikasema.

Akageuka kunitafuta, kama sauti imetoka kwenye ukuta.

"Anaizima mara sita," nikasema. "Na haijachajiwa jana, imetoka kilimani ikalala. Izime, Mkuu. Izime wewe mwenyewe, uiwashe mara sita."

"Binti, shule yako inaanza saa ngapi?"

"Nimeshachelewa."

Nesi kijana akacheka ndani ya gari, akajifanya anakohoa. Mkuu akaingia kwenye mtego wake mwenyewe, maana watu wa jirani walikuwa wamesimama kwenye milango yao na vikombe. Akanyoosha mkono, akazima. Akabonyeza. Ikawaka. Akazima. Ya pili ikawaka. Redio alikuwa anahesabu kwa sauti ya mtangazaji wa mpira na hakuna aliyemnyamazisha. Ya tatu. Ya nne, Mkuu akasubiri kidogo ipoe, kwa makusudi, nami nikamwacha asubiri. Ikawaka. Ya tano.

Ya sita aliushikilia ufunguo muda mrefu akiutazama. Niliiona mita kichwani mwangu, niliona tarakimu zinashuka. Nilijua hesabu iko sawa na bado niliirudia kichwani. Akabonyeza.

Ikawaka.

Mkono wake ukaenda tena kwenye ufunguo, sijui kuzima mara ya saba au kwa mazoea tu. Mama akawahi kuweka mkono wake juu ya ufunguo. Akaingiza gia. Hakuaga. Akatoka getini injini ikilia, gia ndogo kama nilivyomwambia, fimbo imekunjwa nyuma yake, akakata kona ya kilimani.

Mkuu akabaki amesimama na jalada lake wazi. Akanitazama mimi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine.

"Sasa huyu," akasema, "amekwenda wapi wakati bado naongea naye?"

"Kazini," nikamwambia.